Anodi ndiyo itakayoamua hatima ya betri za sodiamu

KAMPUNI ya CATL ya Uchina, ambayo ndiyo kubwa zaidi duniani katika utengenezaji wa betri za magari, ilipozindua betri yake mpya ya sodiamu jijini Shanghai mnamo Aprili 2025, wengi walihisi kwamba enzi ya lithiamu ilikuwa imeanza kufikia ukingoni.

Betri hiyo, iliyopewa jina la Naxtra, ilitajwa na kampuni hiyo kuwa inaweza kuhifadhi wati-saa 175 za umeme kwa kila kilo ya uzito wake. Ilielezwa pia kwamba inaweza kufanya kazi hata baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sufuri.

Msisimko uliofuata ulijengwa juu ya hoja moja nyepesi. Sodiamu imo katika chumvi ya jikoni, katika maji ya bahari na katika magadi ya kulainishia maharagwe. Lithiamu, kwa upande wake, huchimbwa katika mataifa machache na kusafishwa kwa wingi Uchina.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Sodiamu haijawahi kuadimika duniani. Kilichowatatiza wanasayansi kwa miongo kadhaa ni mahali pa kuiweka ndani ya betri umeme unapojazwa. Mahali hapo ndipo panapoitwa anodi.

Ni katika kipande hicho chembamba, kisichoonekana na mnunuzi wa gari wala wa simu, ambapo ushindani mkubwa wa betri za sodiamu unaendelea. Atakayepata anodi bora kwa bei nafuu ndiye atakayefaidi wingi wa sodiamu. Waliobaki watakuwa wauzaji wa chumvi tu.

Betri ya aina hii ina pande mbili, katodi na anodi, na katikati yake mna kimiminiko kinachopitisha ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Betri inapojazwa, ayoni huhama kutoka katodi na kujificha ndani ya anodi. Inapotumika, hurudi zilikotoka na umeme hutiririka nje kupitia waya.

Kwa hivyo, anodi ni mfano wa ghala. Ghala likiwa dogo, betri nayo huwa dhaifu. Kuta za ghala zikipasuka kila linapojazwa na kumwagwa, betri hufa mapema.

Mlango wa grafiti

Katika betri za lithiamu, ghala hilo ni grafiti, aina ile ile ya kaboni inayopatikana katika risasi ya penseli. Grafiti imepangwa kwa matabaka, mithili ya kurasa za kitabu, na lithiamu huingia baina ya kurasa hizo bila taabu.

Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Mwafrika. Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez nchini Morocco, alionyesha mwaka wa 1980 akiwa Grenoble, Ufaransa, kwamba lithiamu inaweza kuingizwa katika grafiti na kutolewa tena kwa njia ya umeme. Mwaka wa 1991 kampuni ya Sony ilipeleka sokoni betri za kwanza za lithiamu zenye anodi ya kaboni, na baadaye grafiti ikatawala.

Utafiti wa sodiamu ulikuwa umeanza karibu sambamba na ule wa lithiamu katika miaka ya 1970 na 1980. Lakini grafiti ilipoikaribisha lithiamu na kuikataa sodiamu, watafiti wengi na fedha nyingi zilifuata lithiamu.

Gramu moja ya grafiti inaweza kupokea lithiamu ya kiasi cha miliampea-saa 372. Ikipewa sodiamu katika hali ya kawaida, hupokea kiasi kidogo mno kisichoweza kuendesha biashara yoyote.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba sababu ni ukubwa wa ayoni ya sodiamu, ambayo kweli ni kubwa kuliko ya lithiamu. Hata hivyo, ayoni ya potasiamu ni kubwa zaidi ya zote mbili, na bado huingia katika grafiti. Kizingiti hasa ni kwamba muungano wa sodiamu na grafiti hauna uthabiti, kama ndoa isiyodumu hata nyumba ikiwa pana.

Suluhisho la kwanza la maana lilipatikana mwaka wa 2000 katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, nchini Canada. Watafiti David Stevens na Jeff Dahn walichoma glukosi, yaani sukari, hadi ikawa kaboni ya aina nyingine. Kaboni hiyo iliweza kuhifadhi sodiamu ya takriban miliampea-saa 300 kwa gramu.

Aina hiyo huitwa kaboni ngumu. Matabaka yake yamevurugika, yamejikunja na kuacha vijitundu vidogo ambamo sodiamu hupata makao. Mwanasayansi wa Uingereza Rosalind Franklin, ambaye anafahamika zaidi kwa mchango wake katika uchunguzi wa DNA, ndiye aliyetofautisha mwaka wa 1951 kaboni zinazogeuka kuwa grafiti zikichomwa sana na zile zinazokataa kugeuka. Wakati huo hakuna aliyefikiria betri.

Leo kaboni ngumu ndiyo anodi ya betri nyingi za sodiamu zinazouzwa. Inaweza kutengenezwa kwa vifuu vya nazi, mianzi, mbao, sukari au utomvu wa viwandani. Kampuni ya HiNa ya Uchina ilichagua njia ya kutumia makaa ya mawe kutengeneza kaboni yake, ili kupunguza gharama.

Ghala linalovimba

Hata hivyo, kaboni ngumu ina kasoro zake. Ni nyepesi, hivyo huchukua nafasi kubwa ndani ya betri. Sehemu ya sodiamu inayoingia mara ya kwanza hunaswa humo na haitoki tena. Aidha, betri ikijazwa kwa pupa, sodiamu inaweza kujikusanya juu ya anodi badala ya kuingia ndani, jambo linalohatarisha usalama.

Ndiposa watafiti wakageukia madini yanayoungana na sodiamu moja kwa moja. Bati, kwa nadharia, linaweza kuhifadhi miliampea-saa 847 kwa gramu. Antimoni hufikia 660. Fosforasi nyekundu, ambayo hutumiwa katika utengenezaji wa viberiti, inazipita zote kwa karibu 2,600.

Takwimu hizo zinavutia, lakini zina gharama yake. Bati likijaa sodiamu huvimba hadi zaidi ya mara tano ya ukubwa wake wa awali. Antimoni huvimba karibu mara nne. Fosforasi nayo, mbali na kuvimba mno, haipitishi umeme vyema.

Kitu kinachovimba na kusinyaa namna hiyo kila siku hakidumu. Hupasuka na kuwa unga, kikatengana na karatasi ya chuma inayokusanya umeme. Kila ufa mpya hugusana na kimiminiko cha betri na kujengewa utando mpya unaomeza sodiamu. Baada ya mizunguko michache, betri iliyoanza kwa kishindo hubaki ganda.

Hapo ndipo wazo la anodi mseto linapoingia. Badala ya kutumia bati tupu au kaboni tupu, vitu hivyo viwili huunganishwa ili kila kimoja kifiche udhaifu wa mwenzake.

Bati au antimoni husagwa hadi kuwa chembe ndogo mno, kisha chembe hizo hutawanywa ndani ya kaboni. Chembe ndogo hazipasuki kwa urahisi kama kipande kikubwa. Kaboni inayozizunguka hupitisha umeme, hukinga zisigusane na kimiminiko na huacha nafasi ya kuvimbia.

Wengine hufunika kila chembe kwa gamba la kaboni na kuacha uwazi katikati, mithili ya kokwa iliyolegea ndani ya ganda lake. Wengine huchanganya fosforasi nyekundu na kaboni kwa kuzisaga pamoja hadi zishikamane.

Hesabu rahisi inaonyesha sababu ya juhudi hizo. Kaboni ngumu ya miliampea-saa 300 ikichanganywa na bati kwa uwiano wa tisa kwa moja, uwezo wa nadharia wa mchanganyiko huo hufika takriban 355. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 18 kwa kuongeza kiasi kidogo tu cha bati. Na kwa kuwa bati ni zito, betri huweza kubeba umeme mwingi zaidi katika nafasi ile ile.

Njia kama hiyo imeshatumika katika betri za lithiamu, ambapo kiasi kidogo cha silikoni huchanganywa na grafiti. Silikoni nayo huvimba, na ilichukua watafiti miaka mingi kuifanya itulie. Hilo linapaswa kuwapa watetezi wa sodiamu matumaini, lakini pia subira.

Maabara na kiwanda

Majarida ya kisayansi yamejaa ripoti za anodi mseto zinazofanya maajabu. Nyingi haziwezi kutoka maabara hadi kiwandani kwa sababu zinazojirudia.

Kwanza, majaribio mengi hufanywa kwa vijibetri vidogo kama vifungo vya shati, vyenye tabaka jembamba sana la anodi na akiba ya sodiamu isiyo na kikomo upande wa pili. Katika betri halisi akiba hiyo haipo. Kila chembe ya sodiamu inayonaswa mara ya kwanza ni hasara isiyofidika.

Pili, kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo eneo linalogusana na kimiminiko linavyoongezeka, na utando unaomeza sodiamu huongezeka vilevile. Dawa ya kupasuka basi hugeuka kuwa chanzo cha ugonjwa mwingine.

Tatu ni gharama. Sababu kuu ya kuitaka sodiamu ni unafuu wake. Anodi inayohitaji hatua kumi za kikemia na saa nyingi za kusaga huondoa faida hiyo hata kabla ya betri kufungwa.

Mwamuzi mkali kuliko wote ni soko. Mnamo Novemba 2022 tani moja ya lithiamu kaboneti ilikaribia yuan 600,000 nchini Uchina, na kila mwekezaji alitaka sodiamu. Kufikia katikati ya mwaka wa 2025 bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu yuan 60,000. Ghafla betri za lithiamu zenye chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti wala nikeli, zikawa rahisi kiasi cha kuifanya sodiamu ionekane ghali.

Waliojikwaa ni wengi. Northvolt ya Uswidi, iliyotangaza betri yake ya sodiamu mnamo Novemba 2023, ilifilisika nchini mwake Machi 2025. Nchini Marekani, Bedrock Materials ilifunga shughuli zake mwezi uliofuata, nayo Natron Energy ikafunga Septemba mwaka huo huo.

Makosa ya kampuni hizo hayakuwa ya kisayansi pekee. Northvolt, kwa mfano, ilikuwa na matatizo ya uzalishaji na madeni yasiyohusiana na sodiamu. Hata hivyo, kuanguka kwake kulidhihirisha kwamba wingi wa malighafi hautoshi kuwa mpango wa biashara.

Uchina imesonga mbele kwa kuchagua kazi zinazoifaa betri jinsi ilivyo sasa. Katika miezi ya kati ya 2024, mitambo mikubwa ya kuhifadhi umeme wa gridi kwa betri za sodiamu ilianza kazi katika eneo la Guangxi na mkoa wa Hubei. Mtambo wa Hubei ulijengwa kuhifadhi megawati-saa 100. Uzito si hoja kwa betri iliyotulia chini mwaka mzima.

Wakati huo huo viwanda hivyo vinajifunza. Kila tani ya kaboni ngumu inayotengenezwa hupunguza gharama ya tani inayofuata, na anodi mseto ikikomaa itapata mitambo tayari. Hivyo ndivyo Uchina ilivyofanya kwa grafiti.

Siasa za madini

Uteuzi wa anodi pia ni uteuzi wa nani wa kutegemewa. Mnamo Desemba 2023 Uchina ilianza kuwataka wauzaji wa grafiti wapate vibali kabla ya kuipeleka nje. Watengenezaji wa magari kote duniani walishtuka, kwa sababu grafiti nyingi ya betri husafishwa huko.

Kaboni ngumu ya vifuu au mbao ingeweza kupunguza utegemezi huo. Lakini mchanganyiko ukihitaji antimoni, mtego hurudi. Uchina ilianza kudhibiti uuzaji wa antimoni nje mnamo Septemba 2024.

Bati nalo lina masaibu yake. Mgodi wa Bisie, ulio Walikale katika mkoa wa Kivu Kaskazini nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ni miongoni mwa migodi muhimu ya bati duniani. Ulisimamisha kazi Machi 2025 waasi wa M23 waliposonga mbele, kisha ukarejelea shughuli mwezi uliofuata.

Kwa hivyo, dai kwamba betri za sodiamu zitaondoa vita na dhuluma katika biashara ya madini lapaswa kupokewa kwa tahadhari. Kobalti ikitoka kwa mlango mmoja, bati laweza kuingia kwa mwingine. Yote yategemea kilichomo katika anodi.

Magadi na vifuu

Kenya ina sababu ya kufuatilia suala hili. Magadi yamechimbwa kwa zaidi ya karne moja katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, na kuuzwa nje hasa kwa watengenezaji wa vioo. Magadi yaliyosafishwa ni sodiamu kaboneti, na hiyo ni mojawapo ya malighafi za kutengenezea katodi za betri za sodiamu.

Ni rahisi basi kwa wanasiasa kutangaza kwamba Kajiado itakuwa Saudi Arabia ya betri. Hesabu haikubali. Sodiamu kaboneti huuzwa kwa dola mia chache kwa tani, na inapatikana kwa wingi Marekani, Uturuki na Uchina. Unafuu unaoifanya ipendwe na watengenezaji wa betri ndio huo huo unaoinyima uwezo wa kumtajirisha mchimbaji.

Thamani imo katika hatua zinazofuata, na mojawapo ni anodi. Katika kaunti za Kilifi na Kwale, vifuu vya nazi huishia kuwa kuni, makaa au vyombo vya kuuzia watalii. Kampuni ya Kuraray ya Japani hutengeneza kaboni ngumu ya betri kwa malighafi ya mimea, na vifuu ni miongoni mwa malighafi zinazosifika zaidi kwa kazi hiyo kwa sababu ya ugumu wake na usafi wa kaboni yake.

Kati ya kifuu na anodi, hata hivyo, kuna safari ndefu. Kifuu huoshwa ili kuondoa madini yasiyotakikana, huchomwa bila hewa katika joto la zaidi ya nyuzi 1,000, husagwa na kupimwa kwa makini. Tanuri la mkaa la kijijini haliwezi kazi hiyo. Umeme wa bei nafuu, mafundi wa kemia na mnunuzi wa uhakika ni mambo ya lazima.

Kwa umeme, Kenya haiko nyuma. Sehemu kubwa ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua, na usiku huwa na ziada isiyotumika yote. Soko pia linachipuka. Serikali ilizindua mpango wa pikipiki za umeme jijini Mombasa mnamo Septemba 2023, na waendeshaji bodaboda wanaobadilisha betri vituoni si kioja tena jijini Nairobi.

Kwa mwendeshaji bodaboda, wati-saa 175 kwa kilo si jambo la kubeza, mradi betri iwe ya bei ya chini na isife haraka. Kwa zahanati au shule inayotegemea paneli za jua, uzito wa betri hauna maana kabisa. Matumizi ya namna hii ndiyo yanayoifaa sodiamu kuliko magari ya kifahari ya Ulaya.

Tahadhari ya mazingira nayo haipaswi kupuuzwa. Katika miaka ya 2000, pendekezo la kujenga kiwanda cha magadi kando ya Ziwa Natron, upande wa Tanzania, lilipingwa vikali kwa kuwa ziwa hilo ndilo mahali pakuu pa kuzaliana kwa heroe wadogo katika kanda hii. Betri zikiongeza hamu ya magadi, mvutano huo unaweza kuzuka upya.

Zimbabwe ilipopiga marufuku uuzaji wa mawe ghafi ya lithiamu nje ya nchi mnamo Desemba 2022, ilikuwa ikijaribu kulazimisha viwanda vijengwe nyumbani. Kenya haina nguvu hiyo katika sodiamu, kwa kuwa mnunuzi atakayenyimwa magadi ya Kajiado ataagiza ya Uturuki kesho yake. Silaha iliyobaki ni ujuzi.

Ujuzi huo hauhitaji kuanza kwa mabilioni. Stevens na Dahn walianza kwa sukari iliyochomwa. Vyuo vikuu vya kanda hii vina idara za kemia na fizikia, na taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, ni mali ya umma. Kinachohitajika ni ufadhili wa kudumu, vifaa vya kupima betri halisi badala ya vijibetri vya vifungo, na kampuni iliyo tayari kununua kitakachofaulu.

Wakulima wa chai na kahawa wanaijua vyema hasara ya kuuza majani na mbegu, kisha kuona faida kubwa ikibaki kwa anayefungasha. Magadi yamekuwa yakisafiri kwa mtindo huo huo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Betri za sodiamu zitaendelea kuboreka, iwe Afrika Mashariki itashiriki au la. Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika karamu hii nyama ni sodiamu, na imetapakaa kila mahali. Kisu ni anodi, na kwa sasa kinanolewa Uchina.